Guigoz ya Angani: Historia ya Namba Mbichi, Namba Zilizosawazishwa na Tundu la Ozoni



Kuna hadithi moja ambayo wengi wetu tuliisikia tukiwa kwenye viti vya univerisite. Inasema hivi: Wamarekani walirusha satelite ya kupima ozoni. Satelite ikaona tundu kubwa juu ya Antaktika. Lakini kompyuta yao ilikuwa imeambiwa kwamba namba ndogo vile haiwezekani, basi ikazitupa. Halafu Waingereza watatu, na mashini yao ya zamani iliyowekwa chini kwenye barafu, njo wakaona tundu, na dunia nzima ikashangaa. Ni hadithi tamu. Mwalimu akiisimulia wanafunzi wanacheka, na kila mutu anarudi nyumbani akijua kwamba mashini ya bei kali inaweza kushindwa na muzee mwenye subira.

Shida ni kwamba hadithi hiyo ni nusu ya ukweli. Zile namba hazikutupwa. Na ile nusu ingine, ambayo haisimuliwi, inatugusa hata sisi watu wa Kivu, mpaka ku mulima Nyamulagira. Kwa hiyo leo tuisimulie yote, polepole.

1. TUANZIE SOKONI

Kila mutu aliyenunua maharagi sokoni Goma ao Bukavu anajua guigoz, ule mukebe wa maziwa ya unga uliogeuka kipimo cha wote. Anajua pia kwamba guigoz zote haziko sawa. Kuna zile zilizopondwa chini, kitako kikaingia ndani. Mama anakuhesabia: moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Hesabu yake ni ya kweli, hakuruka hata moja. Lakini ukifika nyumbani, sufuria haijai.

Ile "kumi" njo namba mbichi. Ni kile ambacho chombo kilisema, bila kuongeza wala kupunguza. Sasa ukitafuta guigoz mpya isiyopondwa, ukalinganisha, ukaona kwamba ile ya mama inabeba sehemu tisa tu kwa kumi, utasema: nilipata guigoz tisa za kweli. Ile "tisa" njo namba iliyosawazishwa. Iko karibu zaidi na ukweli. Lakini angalia vizuri: iko karibu na ukweli kama tu guigoz yako mpya ni nzuri kweli. Na kama kwenye daftari uliandika "tisa" peke yake, ukasahau kwamba mama alihesabu kumi, siku utakayogundua kwamba guigoz yako nayo ilikuwa na kasoro, hautaweza tena kurudi nyuma na kuhesabu upya.

Tubebe vitu hivi viwili, hesabu ya mama na guigoz ya kulinganishia. Tutavikuta tena huko juu angani, zaidi ya kilomita 900 kutoka chini.

2. MASHINI ILIYOITWA TOMS

Tarehe 24 Oktoba 1978, Marekani ilirusha satelite Nimbus-7. Ilikuwa inazunguka dunia kutoka ncha moja mpaka ncha ingine, na dunia ikijigeuza chini yake, kila siku ilikuwa inapita juu ya nchi zote zenye mwanga wa jua. Kati ya vyombo ilivyobeba kulikuwa na kimoja kilichoitwa TOMS, kazi yake kupima jumla ya ozoni iliyo hewani. Kilifanya kazi mpaka Mei 1993. Karibu miaka kumi na tano, kwa mashini ambayo hakuna fundi aliyeweza kuifikia na tournevis.

Wengi wanafikiri satelite inaona ozoni. Hapana, haioni. TOMS ilikuwa inaona mwanga wa ultravioleti, ule wa jua unaoshuka, unagonga mawingu na hewa, kisha unarudi juu. Ilikuwa inaupima kwenye urefu wa mawimbi sita. Ozoni inameza sana mawimbi mafupi, na mawimbi marefu inayaacha yapite. Basi ukilinganisha yale mafupi na yale marefu, unajua ni kiasi gani kilimezwa njiani, na kutoka hapo unakadiria ozoni.

Hebu tufuate safari ya namba moja. Mwanga unaingia kwenye chombo, unageuzwa kuwa umeme kidogo sana, umeme unageuzwa kuwa namba, na namba inatumwa chini kwa redio. Hiyo njo daraja la sifuri: hesabu tupu, haisemi ozoni, haisemi hata mwanga. Daraja la kwanza: watu wanaigeuza hesabu hiyo kuwa kipimo cha mwanga, wakitumia kile wanachojua juu ya chombo chao. Daraja la pili: wanageuza mwanga kuwa ozoni kwa njia ya hesabu ndefu. Daraja la tatu: wanapanga zote kwenye ramani ya dunia, yenye rangi, ile tunayoiona kwenye vitabu. Karibu vipimo laki mbili kwa siku moja vilikuwa vinapanda ngazi hiyo, huko Goddard, kituo cha NASA kule Maryland.

Kwenye kila ngazi kuna mutu aliyeamua kitu. Na mutu anaweza kukosea. Hiyo haiko aibu. Aibu ni kupanda ngazi halafu kuivunja nyuma yako.

3. WAINGEREZA WATATU NA KARATASI ZAO

Sasa tushuke chini, ku barafu. Waingereza walifungua kituo cha Halley pembeni ya Antaktika mwaka 1956, wakijitayarisha kwa ule Mwaka wa Kimataifa wa Fizikia ya Dunia, 1957 mpaka 1958. Mashini yao ya ozoni ilikuwa ya aina iliyobuniwa na Gordon Dobson katika miaka ya 1920, ambayo jina lake likabaki kwenye kipimo chenyewe. Vipimo 300 vya Dobson vinamaanisha kwamba ukiikusanya ozoni yote iliyo juu ya kichwa chako na kuishusha chini kwenye baridi ya barafu inayoyeyuka, itafanya tabaka la milimita 3 tu. Milimita tatu njo zinatukinga sisi, mimea na wanyama na jua kali.

Kwa miaka mingi watu wa Halley walipima na kuandika kwa mukono. Karatasi zikajaa. Jonathan Shanklin alipoingia kazi mwaka 1977, moja ya kazi alizopewa ni kuingiza rundo lile la karatasi kwenye kompyuta. Kazi ya kuchosha, ile inayopewa kijana mugeni kazini. Lakini akiiendelea aliona kitu: kila mwaka Oktoba, wakati majira ya baridi yanaisha kule kusini, ozoni ilikuwa inashuka zaidi kuliko mwaka wa mbele. Kutoka karibu 300 katika miaka ya 1960, ilikuwa imefika karibu 200 mwaka 1984.

Mukubwa wake, Joseph Farman, hakukimbilia kutangaza. Wenzetu, fikirieni hali yake. Ana mashini moja ya zamani, na Wamarekani wako na satelite inayoona dunia nzima na haijasema kitu. Kwanza walijiuliza kama mashini imeharibika, wakapeleka ingine Halley. Ile ya pili nayo ikaonyesha hivyohivyo. Wakaangalia kituo chao kingine zaidi ya kilomita 1,600 kaskazini, wakaona upungufu huko pia, ijapokuwa mudogo. Tarehe 16 Mei 1985, Farman, Brian Gardiner na Shanklin wakachapisha makala yao kwenye gazeti la sayansi Nature. Na tusimusahau Mujapani Shigeru Chubachi, ambaye mwaka mumoja mbele yao, kwenye mukutano kule Ugiriki, alionyesha namba ndogo alizozipima kituoni Syowa. Wachache tu walimusikiliza.

Angalia kilichowasaidia Waingereza. Haikuwa akili kuliko wengine. Walikuwa na karatasi za miaka karibu thelathini, zenye hesabu ya kwanza kabisa, na waliweza kurudi kuzisoma upya wakiwa na swali jipya.

4. ALAMA YA 180

Turudi sasa Maryland. Je, ni kweli kompyuta ilitupa tundu la ozoni?

Waliotayarisha programu ya TOMS walijua kwamba mashini yoyote inaweza kutoa upuuzi siku moja. Basi wakaweka sheria: kipimo chochote chini ya 180 kiwekwe alama, kichunguzwe. Kwa kile kilichojulikana wakati ule, hakuna aliyetarajia kuona namba ndogo kuliko hapo. Kuweka alama si kutupa. Ni sawa na wewe ukiandika "?" pembeni ya musitari kwenye daftari.

Mwaka 1984, kundi la Goddard walipokuwa wanapitia data za Oktoba 1983, wakaona alama zimeongezeka kwa gafula, na zote zimerundikana fasi moja: juu ya Antaktika. Upuuzi wa mashini kwa kawaida unatawanyika huku na huku. Huu ulikuwa na umbo. Kwa hiyo wakafanya kitu ambacho mutu yeyote mwenye busara angefanya: wakatafuta guigoz ya kulinganishia. Wakaangalia namba za mashini ya Dobson iliyokuwa ku Ncha ya Kusini, kituo cha Wamarekani wenzao. Mashini ile ilikuwa inasema karibu 300. Satelite inasema chini ya 180.

Utamuamini nani? Mashini ya chini mutu anaigusa kwa mukono, na kila siku satelite zilikuwa zinasawazishwa kwa kuzilinganisha na vituo vya chini. Wakabaki na mashaka. Baadaye njo ilijulikana kwamba wakati ule ile mashini ya Ncha ya Kusini njo haikuwa imewekwa sawa. Guigoz ya kulinganishia ilikuwa yenyewe imepondwa.

Hata hivyo hawakuacha. Mwisho wa 1984 Pawan Bhartia, mumoja wa kundi lile, alikuwa ametuma taarifa fupi kwa ajili ya mukutano wa Prague, uliofanyika Agosti 1985. Katikati, Mei, makala ya Farman ikatoka. Bhartia alipofika Prague na ramani za satelite, watu waliona kwa mara ya kwanza kwamba kile Waingereza walikuwa wameona juu ya kichwa chao kilikuwa kinafunika karibu bara zima. Mwaka 1986 Richard Stolarski na wenzake wakachapisha hesabu kamili kwenye Nature.

Waliwezaje? Kwa sababu mikanda ya sumaku yenye namba mbichi ilikuwa bado iko kabatini. Walirudi nyuma mpaka mwanzo wa satelite, wakazipandisha ngazi upya bila ule woga wa 180, na tundu likaonekana likikua mwaka kwa mwaka. Kama wangekuwa wamehifadhi ramani za mwisho tu, zenye fasi nyeupe pale kwenye alama, dunia ingeambiwa: "Samahani, kwa miaka ile hatujui."

Kwa hiyo rafiki yako akikusimulia kwamba NASA ilitupa data, muambie hivi: Waingereza walikuwa wa kwanza, na heshima ni yao. Lakini satelite haikuwa kipofu. Ilikuwa imeona, ikaandika, na watu wakakosa mushuhuda wa kuaminika.

Kilichofuata mnakijua. Tangu 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walikuwa wameonya kwamba gesi za frigo na za mikebe ya kupuliza, zile CFC, zinaweza kula ozoni. Mwaka 1986 Susan Solomon aliongoza kundi mpaka kituo cha McMurdo kutafuta sababu, na mwaka 1987 ndege zikarushwa kutoka Punta Arenas, Chile, kuingia ndani kabisa ya tundu. Sababu ikajulikana: ni klorini ya zile gesi. Tarehe 16 Septemba 1987 Mapatano ya Montreal yakatiwa sahihi. Fundi wa frigo hapa kwetu akikuambia kwamba gesi ya zamani, ile R12, haipatikani tena kwa urahisi, njo mwisho wa hadithi hiyo umefika mpaka ku mulango wake.

5. GUIGOZ ILIYOKUWA INAPONDWA KIDOGO KIDOGO

Hapa wengi wanafunga kitabu. Lakini sehemu ngumu zaidi ilikuwa inakuja, na ilikuwa inahusu ozoni ya dunia nzima, si ya Antaktika peke yake.

TOMS ilijuaje kwamba inapima mwanga sawasawa mwaka baada ya mwaka? Ilikuwa na kibati cha aluminiumu kilichokwaruzwa ili kisambaze mwanga. Mara kwa mara kibati kilifunuliwa mbele ya jua, mwanga wa jua ukaingia kwenye chombo, na watu wakalinganisha: mwanga kutoka duniani ni sehemu gani ya mwanga wa jua? Kwa kuwa yote miwili inapita kwenye kioo kimoja na waya zilezile, kama chombo kimechoka, uchovu unajifuta. Ni akili nzuri sana. Kile kibati njo kilikuwa guigoz yao mpya, huko angani.

Lakini jua la angani halina huruma. Kila mara kibati kilipofunuliwa, kilizidi kuwa cheusi kidogo, na kwa mawimbi mafupi zaidi kuliko marefu. Sasa fanya hesabu pamoja nami. Kibati kikiwa cheusi, jua linaonekana limefifia. Jua likionekana limefifia, mwanga unaotoka duniani unaonekana mwingi kuliko ulivyo, hasa kwenye mawimbi mafupi. Na mawimbi mafupi yakirudi mengi, maana yake nini? Kwamba ozoni haikumeza sana. Kwamba ozoni imepungua.

Unaona hatari? Mashini ilikuwa inazeeka, na uzee wake ulikuwa unasomeka kama kifo cha ozoni. Katikati ya miaka ya 1980 kulikuwa na hesabu za satelite zilizoonyesha ozoni inapungua duniani kote kwa kasi ya kutisha. Kama zingeaminiwa zilivyo, halafu siku moja ikajulikana kwamba ni kibati tu, wenye makampuni ya CFC wangepata neno la kusema: "Mnaona? Yote ni uongo wa mashini." Na pengine hata tundu la Antaktika, ambalo lilikuwa la kweli, lingetiliwa mashaka.

Kwa hiyo likaundwa kundi la watafiti zaidi ya mia moja, likiongozwa na Robert Watson, kazi yao kuchunguza vipimo vyote, vya juu na vya chini. Safari hii vituo vya chini njo viliiokoa satelite. Walipolinganisha TOMS na mashini nyingi za Dobson, waliona satelite inateleza kila mwaka. Lakini hata mashini za chini hazikupewa imani ya bule: namba zake za kituo kwa kituo zilipitiwa upya. Machi 1988 wakatoa jibu. Sehemu kubwa ya ule upungufu wa kutisha ilikuwa uzee wa chombo. Lakini ukiondoa uzee wote, upungufu mudogo unabaki, na ni wa kweli: kati ya asilimia 1.7 na 3.0 kwa nchi zilizo kati ya digri 30 na 64 kaskazini, tangu 1969 mpaka 1986.

Namba ndogo kuliko ile ya mwanzo, lakini yenye nguvu kuliko ile ya mwanzo. Siku chache tu baadaye kampuni DuPont, mutengenezaji mukubwa wa CFC, ilitangaza kwamba itaacha kuzitengeneza.

Na kundi la TOMS? Walitafuta njia ya kupima weusi wa kibati kwa kulinganisha mawimbi yao wenyewe, yale sita, mawili mawili. Kisha wakachukua tena namba mbichi tangu 1978 na kuzipandisha ngazi upya. Hiyo ilikuwa toleo la sita. Baadaye likaja la saba. Toleo la nane lilitoka zaidi ya miaka kumi baada ya mashini yenyewe kuzimika. Namba mbichi ni zilezile, hazikuguswa. Kilichobadilika ni kile watu walichojifunza.

6. NYAMULAGIRA NDANI YA MAKOSA

Sasa tufike nyumbani.

Machi na Aprili 1982, volkano El Chichón ililipuka kule Mexico. Ramani za TOMS za siku zile zilionyesha kitu cha ajabu: ozoni nyingi mno, kama wingu, juu ya Mexico. Volkano haitoi ozoni. Arlin Krueger, mwenye TOMS mwenyewe, aliangalia tena namba za chini ya ngazi, zile za mwanga, akaelewa. Gesi ya salfa inayotoka kwenye volkano, dioksidi ya salfa, nayo inameza ultravioleti. Programu ilikuwa inajua gesi moja tu, kwa hiyo kila kilichomezwa ikakiita ozoni. Mwaka 1983 Krueger alichapisha habari hiyo kwenye gazeti Science. Kutoka siku ile TOMS ikapata kazi ya pili ambayo hakuna aliyeipanga: kupima moshi wa volkano.

Na volkano ipi ilikuwa inapumua sana katika miaka ile? Nyamulagira yetu. Mulima ule ulilipuka 1980, 1984, 1986, 1991 na mara zingine nyingi. Watu wa Masisi na Sake wanajua maana yake bila kusoma gazeti: upepo mara nyingi unasukuma moshi upande wao, mvua inashuka ikiwa na asidi, majani ya maharagi yanaungua, na maji ya kwenye bati yanabadilika utamu. Lakini nani alikuwa anapima? Vita, umbali, ukosefu wa vyombo. Milipuko mingi ilipita bila mutu kusimama pale na mashini ya gesi.

Kumbe kulikuwa na mushuhuda. Watafiti waliporudi kwenye kumbukumbu ya TOMS na kuzipandisha namba ngazi nyingine, ile ya salfa, milipuko ya Nyamulagira ikaonekana mumoja mumoja. Mwaka 2003 Simon Carn na Gregg Bluth walichapisha makala iliyoonyesha kwamba mulima huu wa Kongo ni kati ya volkano zinazotoa dioksidi ya salfa nyingi kuliko zote duniani. Walifika kwenye hitimisho hilo kwa namba ambazo zilikusanywa mbele yao, kwa kazi ingine kabisa.

Fikirieni sasa. Kama mwaka 1981 mutu fulani angesema, "Sisi tunapima ozoni. Hizi namba za ajabu juu ya Afrika ya Kati zisafishwe, mikanda itumike tena kurekodi kitu kingine," ushahidi wa kile kilichoshuka kwenye mashamba yetu ungekufa siku ile. Kilichokuwa uchafu kwa mupima ozoni kilikuwa historia kwa mulimaji wa Masisi. Na yule wa kwanza hakuwa na namna ya kujua. Alichofanya ni kutofuta.

7. NA SISI?

Mutu anaweza kusema: hayo ni mambo ya NASA, sisi hatuna satelite. Ni kweli. Lakini nchi hii iliwahi kuwa na subira ya namna ile. Kule Yangambi, tangu 1937 na kwa karibu miaka ishirini, watu walikuwa wanapita porini kila juma na kuandika hali ya miti zaidi ya 2,000: huu umetoa maua, huu matunda, huu umeangusha majani. Karatasi zile zilikaa. Miaka ya karibuni picha zake zilisomwa upya na kuingizwa kwenye kompyuta, na leo zinasaidia kuchunguza namna pori letu linafuata mvua na jua. Walioandika hawakuwa wanafikiria mabadiliko ya hali ya hewa. Waliandika kile walichoona, na tarehe.

Wengi wetu hapa tuliandika TFC ao memwari. Tulipima mvua, maji ya ziwa, uzito wa watoto kwenye santé, bei za soko. Tuseme ukweli kati yetu: ni wangapi bado tuko na lile daftari la kwanza? Wengi tulibakiza tablo ya mwisho, yenye wastani na asilimia, ile iliyoingia kwenye sura ya tatu. Daftari lilibaki kwenye chumba tulichohama, ao moto wa volkano ulilipita, ao panya. Na zile namba mbili tatu ambazo hazikukaa vizuri kwenye curve, tulizifuta usiku mbele ya kudeposer, kwa sababu jury ingeuliza maswali.

Historia hii ya TOMS haitufundishi kwamba namba mbichi ni takatifu. Namba mbichi ya 1987, bila kusawazishwa, ilikuwa inadanganya juu ya dunia nzima. Haitufundishi pia kwamba kifaa cha kulinganishia kinatosha: mwaka 1983 kifaa cha kulinganishia njo kilipoteza watu. Kilichookoa kazi mara zote tatu, ku tundu, ku kibati na ku Nyamulagira, ni kwamba vitu vitatu vilihifadhiwa pamoja: hesabu ya kwanza, kipimo kilichotumika kuisawazisha, na maandishi ya kila hatua kati ya hizo mbili. Mutu aliyekuja nyuma aliweza kushuka ngazi mpaka chini, kupata ubao uliooza, kuubadilisha, na kupanda tena.

Kwa hiyo, wewe unayepima kitu chochote leo, maji ya Kivu, homa kwenye kituo cha afya, mutetemeko, bei ya maharagi: andika kile chombo kilisema mbele ya kuandika kile unafikiri. Andika chombo gani, na mara ya mwisho kililinganishwa na nini. Namba ya ajabu usiifute. Iweke alama na uiache pale. Piga picha ya daftari, mupe mwenzako moja akae nayo muji mwingine, kwa sababu hapa kwetu tunajua nyumba inaweza kupotea kwa usiku mumoja.

Siku mama wa sokoni atakapobadilisha guigoz, wewe utakuwa bado na hesabu yake ya kumi.

Wenye madaftari ya zamani nyumbani, msiyachome bado.